Mwanafunzi wa Kilimo na Jembe Lake

Hapa Likasi wazazi wengi wanawaza hivi: mtoto akiingia iniversite, njo ameachana na jembe. Kwa yule anayesomea kilimo, haiko vile. Yeye anapaswa kulishika zaidi, na kaye mkononi.

Kwa nini? Sababu udongo wetu hauko kama ule wa kitabu. Tazama Penga Penga, mtaa wa Lubumbashi. Moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911, uliangukia pale miaka na miaka, mpaka sehemu zingine zikabaki wazi, bila majani. Watafiti wa kilimo wa Iniversite ya Lubumbashi walifanya majaribio pale pale. Walitia chokaa na mboji, wakapanda Microchloa kunthii, majani mafupi yanayoota yenyewe kwenye udongo wa shaba. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, na metali haipandi sana kwenye mizizi. Ubao peke yake hauwezi kufundisha kazi ya namna ile.

Lakini mkono peke yake nao hautoshi. Lengalenga inaweza kupendeza sokoni, kumbe imebeba metali. Jicho halioni; kipimo cha laboratware njo kinaona. Na wanaokula ni watoto wetu.

Kule Kenya, Egerton ilianza mwaka 1939 kama shule ya shamba. Mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Shamba lilitangulia.

Sisi wa miji ya migodi tunajua bei ya kutojua kilimo. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walianza kuacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Jamaa nyingi zilitafuta bukari shambani.

Basi mzazi, kabla ya kulipa minervali, uliza: shamba la shule liko wapi? Wanafunzi wanalima wenyewe, ao wanatazama tu?

Nawe kijana, usingoje kuandikishwa. Mvua ikishika, mwezi wa Novemba, chagua udongo ulio mbali na kiwanda na maji ya mgodi. Panda mistari miwili ya mahindi, mbegu moja, siku moja: mmoja na mboji, mwingine bila. Andika siku ya kupanda na ya kupalilia. Wakati wa kuvuna, pima kila mstari mbali mbali. Ukichelewa kupanda, utangoja mwaka mzima: kitabu kinangoja, mvua haingoji.