Kuishi kinyumba miaka miwili: sheria inasema nini

Mitaani utaambiwa kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili, tayari ni mume na mke. Kauli hiyo imewatuliza wengi na imewaponza wengi, maana imebeba nusu tu ya kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971.

Kifungu hicho hakihesabu miaka peke yake. Kinataka ithibitishwe kwamba wawili hao waliishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna iliyowafanya watu wawatambue kuwa mke na mume; ndipo mahakama hudhani kwamba walioana, na hiyo ndiyo dhana ya ndoa. Hapo ndipo penye ugomvi mahakamani. Je, ndugu wa mwanamume walimpokea mwanamke huyo kama shemeji na wifi yao, kwenye misiba na harusi? Mwenye nyumba aliwapangisha kama familia? Majirani wanamfahamu kama mama wa nyumba ile? Mwanamume anayekuja Ijumaa na kuondoka Jumapili, huku nguo zake ziko kwa mama yake, anaweza kuendelea hivyo miaka mitano na dhana ya ndoa isisimame.

Hata ikisimama, ushahidi unaweza kuiangusha. Sababu iliyo wazi zaidi ni pale mwanamume anapokuwa tayari ndani ya ndoa ya mke mmoja, kama ile ya kanisani. Sheria haimruhusu kufunga nyingine, basi mahakama haiwezi kudhani kwamba aliifunga.

Wengi hukata tamaa hapo, na ndilo jambo linaloniuma, kwa sababu kifungu chenyewe kinaendelea. Kinasema kwamba dhana ikiangushwa, mwanamke bado ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto wao, na yeyote kati ya wawili hao anaweza kuomba nafuu nyingine ambazo mahakama hutoa ndoa inapovunjika, suala la nani akae na watoto likiwemo. Kumwambia mtu "sikukuoa" hakufuti haki hizo. Asifungashe mabegi kabla hajauliza.

Kuhusu mali, kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kazi za nyumbani na malezi nazo ni mchango. Huo ulikuwa uamuzi mkubwa, ila haukusema kila kitu kigawanywe nusu kwa nusu. Mahakama hupima, na haiwezi kupima kisichoonyeshwa. Tunza risiti za saruji na bati, kumbukumbu za miamala ya simu, hata jina la fundi aliyelipwa kwa fedha zako.

Madai haya yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Anayedai talaka, kwa kawaida, hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, na likishindwa kuwapatanisha humpa hati ya kwenda nayo mahakamani. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza walipo wasaidizi wa kisheria.