Askari Arejeapo Nyumbani

Kuanzia Desemba 2007, kwa miaka zaidi ya 15, wanajeshi wa Burundi walilinda amani nchini Somalia. Juni 2015 kambi yao ya Leego ilishambuliwa, wengi wakauawa. Aliyenusurika aweza kurejea Rumonge, kwenye michikichi na ndagala walioanikwa, lakini usiku mlango ukigongwa huruka kitandani. Huo si woga wala uchawi. Ni mwili uliozoea hatari. Mke asimlazimishe kusimulia, na ampatapo usingizini amwite jina kwa mbali kabla ya kumgusa. Mume naye asitafute usingizi katika chupa. Hali ikizidi mwezi mmoja, aende kwa daktari. Ndugu askari, bunduki hutunzwa. Mwenye kuibeba naye atunzwe.