Mashua ya Kulalia Safarini

Atamaniye kutembelea visiwa na kulala majini asipumbazwe na ukubwa wa chombo. Mwaka 1957 Mwingereza Ian Proctor alisanifu mashua ya tanga iitwayo Wayfarer, yenye urefu wa mita 4.82 na uzito wa kilo 169 hivi, bila mlingoti. Gari dogo huikokota kwa tela. Usiku wawili hulala sakafuni chini ya turubai. Mbele na nyuma ina vyumba vya hewa visivyoingiza maji. Mwaka 1964 Frank Dye na mwenziwe waliabiri mashua ya aina hiyo kutoka Scotland hadi Norway. Tufani ikaipindua, ikavunja mlingoti, wao wakafika salama. Basi kabla ya kununua, jiulize: ikipinduka, je, mwaweza kuisimamisha tena?