MIKONO NAYO HUENDA SHULE

Mgongo ukikuuma baada ya kulima au kubeba mzigo, unafanya nini? Wengi wetu humwita mtu atukande. Mara nyingine tunapata nafuu. Mara nyingine tunaumia zaidi. Je, kutibu kwa mikono kunaweza kufundishwa shuleni? Ndiyo. Huko Marekani wako madaktari wanaosomea kazi hiyo. Elimu yao huitwa osteopatia.

MWANZO WAKE

Aliyeianzisha ni Daktari Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 watoto wake watatu walikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Dawa za wakati ule hazikuwaokoa. Tena baadhi ya dawa hizo, kama zile za zebaki, zilikuwa sumu. Basi Still akazidi kuchunguza mifupa, misuli na viungo. Mwaka 1892 akafungua shule katika mji wa Kirksville, jimbo la Missouri. Wanawake nao walipokelewa tangu mwanzo.

Still hakuzipenda dawa. Lakini siku hizi wanafunzi wa osteopatia hujifunza dawa, chanjo na upasuaji kama madaktari wengine.

WANAFUNDISHWAJE?

Chuoni hukaa miaka 4. Kwanza hujifunza mwili ulivyojengwa. Pia hupata saa zipatazo 200 za kazi ya mikono. Wanafunzi hufanya kazi wawili wawili. Mmoja hulala mezani, mwenziwe humpapasa. Halafu hubadilishana. Hivyo kila mmoja anajua mwenyewe jinsi mkono mzito unavyouma.

Mkono hutafuta mambo 4: mahali panapouma, upande usiolingana na mwenzake, kiungo kisichokwenda vizuri, na misuli iliyokaza.

Njia mojawapo ni hii. Shingo imekaza. Mgonjwa anausukuma mkono wa daktari taratibu kwa kichwa, na daktari anauzuia. Baada ya sekunde chache mgonjwa analegea. Ndipo daktari anaisogeza shingo kidogo tu. Hakuna kuvuta kwa nguvu.

KUJUA KUACHA

Lakini kujua kukanda peke yake hakutoshi. Mwanafunzi lazima ajue pia wakati wa kutokanda. Mfupa uliovunjika haukandwi. Kwanza anamwuliza mgonjwa, anampima, na ikibidi anapigwa picha.

Utafiti umeonyesha kuwa matibabu haya yanaweza kupunguza maumivu ya kiuno kwa baadhi ya watu. Hayaponyi malaria wala kifua kikuu.

Nasi tushike somo hilo. Ikiwa mgongo unauma baada ya kuanguka, au unauma pamoja na homa, au miguu inakufa ganzi, au mkojo unakataa kutoka, au unatoka wenyewe, usikubali kukandwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mkandaji mwema ni yule anayesema: "Hili siliwezi, mpelekeni kwa daktari."