Malawi na Tiba ya Mkono Uliovunjika

Msimu wa maembe unapowadia nchini Malawi, hospitali za wilaya hupokea watoto walioanguka kutoka mitini. Mtu anayeanguka hujikinga kwa kiganja, na uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono. Watu wazima nao huumia vivyo hivyo wanapoanguka kutoka kwenye kabaza, yaani baiskeli na pikipiki za kukodi.

Nchi hiyo jirani ilipata uhuru mwaka 1964 bila ya kuwa na chuo cha kufundishia madaktari. Chuo cha Blantyre kilifunguliwa mwaka 1991. Lakini tangu mwaka 1985 Malawi imekuwa ikiwafunza matabibu wa mifupa. Hawa si madaktari wa chuo kikuu, bali ni watumishi wa afya waliopewa ujuzi maalumu wa kurudisha mfupa mahali pake na kuufunga kwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo. Mtu anaweza kudhani kwamba hiyo ni tiba ya daraja la pili kwa ajili ya maskini. Dhana hiyo haina uzito, maana mivunjiko mingi ya mkono haihitaji kisu hata katika nchi tajiri, na mfupa wa mtoto hujinyoosha wenyewe kadiri anavyokua.

Hata hivyo, ipo mivunjiko ambayo hogo pekee haliiwezi: mfupa uliotoboa ngozi, kiungo kilichopasuka ndani, au kidole kinachopinda juu ya mwenzake mgonjwa anapokunja ngumi. Hapo upasuaji hauna budi. Njia iliyo rahisi ni kupenyeza nyaya nyembamba za chuma zenye jina la Mjerumani Martin Kirschner, ambazo huondolewa baada ya wiki chache. Mabamba na skrubu hushika mfupa kwa nguvu zaidi, lakini gharama yake ni kubwa na huhitaji vyombo ambavyo si kila hospitali inavyo.

Mfupa unaodanganya kuliko yote ni skafoidi, mdogo mfano wa korosho, ulio chini ya kidole gumba. Damu yake huingia zaidi kwa upande wa vidole. Basi ukikatika katikati, kipande cha upande wa pili huweza kukosa damu na kufa. Isitoshe, picha ya eksirei ya siku ya kwanza huweza isionyeshe ufa wowote. Mgonjwa huambiwa kwamba ameteguka, hurudi shambani, na baada ya miezi hawezi kushika jembe. Tabibu mwangalifu humfunga mgonjwa wa namna hiyo na kumpiga picha nyingine baada ya siku kumi hadi kumi na nne.

Kwa hiyo uzito wa kazi ya tabibu wa wilayani umo katika kutambua ni nani wa kufungwa hogo na ni nani wa kupelekwa Blantyre au Lilongwe, tena mapema. Mfupa ukikaa wiki kadhaa huanza kuunga upande, na mpasuaji hulazimika kuuvunja upya. Wako wanaochelewa kwa kukosa nauli, na wako wanaoanzia kwa waunga mifupa wa kienyeji. Baadhi ya hao hukaza vijiti na kamba kupita kiasi hata damu ikazuilika, na mgonjwa aliyevunjika mfupa mmoja huishia kukatwa mkono.