Jicho Lisilokauka Turkana

Mama anayeingia kliniki ya macho mjini Lodwar huku akipangusa shavu kwa upindo wa shuka hana msiba. Machozi yanamtoka tu, kutwa kucha. Mhudumu ana swali moja la kuanzia: machozi ni mengi kupita kiasi, au hayana pa kupitia?

Upande wa pua, kila jicho lina vitundu viwili, kimoja juu na kimoja chini. Machozi huingia humo, hukusanyika katika kifuko kidogo, kisha huteremka puani. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Kipimo cha njia hii ni rahisi: maji ya chumvi husukumwa kwa sindano butu ndani ya kitundu. Mgonjwa akionja chumvi kooni, njia iko wazi.

Kwa mtoto mchanga, utando unaoziba mfereji mara nyingi hufunguka kabla ya kutimiza mwaka, mama akimkanda taratibu kwa kidole safi. Mtu mzima hana bahati hiyo. Kwake daktari bingwa huondoa kipande cha mfupa na kufungua njia mpya toka kifukoni hadi puani, upasuaji ulioelezwa na Mwitalia Addeo Toti mwaka 1904.

Lakini Turkana kuna mshukiwa mwingine: vikope, au trakoma. Bakteria wake husafiri kwa vidole, vitambaa na nzi. Mtoto akiambukizwa tena na tena, ndani ya kigubiko cha jicho huota makovu, na miaka mingi baadaye kope hupinda na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaolea watoto. Wengi hung'oa kope kwa kibanio. Huota tena, fupi na ngumu kama mabua. Makovu hayohayo yanaweza pia kuziba njia ya machozi, hivyo mgonjwa mmoja akawa na yote mawili.

Upasuaji wa kope hauhitaji bingwa. Ofisa wa kliniki aliyefunzwa huchoma sindano ya ganzi, hupasua kigubiko milimita chache juu ya ukingo, hugeuza ukingo utazame nje, kisha hushona. Jicho hufungwa bandeji na mgonjwa hurudi nyumbani. Kope za baadhi yao hupinda tena, jambo ambalo mgonjwa anastahili kuambiwa mapema.

Kinachosumbua ni nyuzi. Za hariri lazima zitolewe baada ya siku kadhaa, na mfugaji aliyeshonwa Kakuma huenda wakati huo ameshahamia na mbuzi wake mbali na Mto Tarach. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 2011 ulilinganisha hariri na nyuzi zinazoyeyuka zenyewe: kope zilirudi kupinda kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo mbuzi wanaweza kuendelea na safari, na mwenyewe pia.