Amana ya Kamba

Alfajiri ya Januari, kabla vumbi la barabara kuu ya Thika halijatanda, mkazi wa Ruiru akielekeza uso kaskazini huuona Mlima Kenya umesimama waziwazi, na akigeukia mashariki hukiona Kilimambogo kimelala kama nyati aliyeshiba. Nao wazee wa Kikuyu, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938, waliifanya milima hiyo kuwa kibla cha maombi yao, wakaielekea kwa mikono iliyoinuliwa. Wajukuu wa wazee hao siku hizi hudamka Jumamosi wakapanda matatu kwenda kuikwea, na katika kukwea huko wamejipatia mila zao ambazo zastahili kuandikwa.

Wengi huanzia Kilimambogo, chenye kimo cha mita 2,145, ambapo njia ya gari yapata kilomita 9 kutoka langoni hadi kileleni, na askari wa wanyamapori huandamana na wageni akiwa na bunduki kwa ajili ya hao mbogo waliokipa kilima jina. Huku ni kutembea tu. Lakini ndiko mtu ajifunzako kufuata mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote, na kumpa mwenziwe maji kabla hajaombwa.

Mahaba yenyewe ya wakwezi, hata hivyo, yako kwenye majabali. Huko Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, ambako wanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoasisiwa mwaka 1949, wamejifunzia ufundi wao, wapo wapendao mawe mafupi, wakiyaparamia pasipo kamba huku wenzao wamenyoosha mikono juu ya godoro, na ladha yao hawa ni ile ya mtu ateguaye kitendawili. Wapo wafuatao njia iliyokwisha kupigiliwa vyuma. Na wapo washupavu ambao hupachika vyuma vyao wenyewe nyufani, kisha wakaving'oa, ili jabali libaki kama walivyolikuta. Mashindano ya kasi, yafanywayo kwenye ukuta wa mita 15 ulio namna moja duniani kote, na ambayo yaliingia Olimpiki huko Tokyo mwaka 2021, mimi sikujaliwa kuyapenda: akimbiaye ukutani hana wasaa wa kulisoma jiwe.

Lililonivuta mimi katika jamaa hii ni fundo. Kabla mtu hajainua mguu, yeye na mshika kamba wake hugeukiana, na kila mmoja hutia mkono kiunoni mwa mwenziwe, akalifuata fundo kwa kidole lilivyojipinda mfano wa nambari nane, akauvuta mkanda, kisha akatamka kwa sauti kwamba ni sawa. Katika nchi zetu za bara kijana hamsahihishi mzee mbele za watu. Hapa kijana wa miaka 18 humwambia mtu wa umri wa babaye, "Mzee, fundo lako halijakaza," na yule mzee hujibu, "Ahsante, mwanangu," akalifunga upya. Hiyo ndiyo adabu yao, kwani uhai wa aliye juu ni amana mikononi mwa aliye chini, na aliyepewa amana hana ruhusa ya kuona haya.

Juu ya yote upo Mlima Kenya wenyewe. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa miguu, na ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya taifa wakati wa uhuru, Desemba 1963; bali Batian, mita 5,199, hafiki ila mjuzi wa kamba. Kati ya Batian na kilele jirani cha Nelion ulikuwapo mfereji wa barafu ambao Phil Snyder na Thumbi Mathenge waliukwea kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Barafu hiyo sasa imeyeyuka sana kwa joto la dunia, na pamoja nayo fani nzima ya ukwezi wa barafu yatutoka machoni petu, nami sijui msiba wa mlima ulio mzito kuliko huu.

Nawasihi basi vijana wa Ruiru na Thika: anzeni na Kilimambogo, mtoke mapema kabla jua halijakaza, na siku mtakapofika majabalini mkajifunga kamba, mwacheni aliye mdogo kuliko nyote ayakague mafundo yenu.